Pumzi Nilizozisikiliza Ziwani

Nikiwaambia watu kwamba nimestaafu kazi ya kusikiliza wenzangu wakipumua, wanadhani nilikuwa muuguzi wa wodi ya kifua. Hapana. Nilikuwa mshika kamba wa wazamiaji. Mzamiaji akiwa chini ya ziwa, mimi nilikaa juu ya boti. Mkononi nilishika kamba yake na mpira unaompelekea hewa, na masikioni nilivaa simu ya waya iliyoniletea sauti kutoka ndani ya kofia yake. Asiposema neno, nilisikia pumzi. Inaingia, inatoka, inaingia. Miaka yote ile niliogopa kitu kimoja: itoke, halafu nisubiri.

Vijana mlioingia kazini juzi mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Vyeo sitaviandika, maana nilikuwa na kimoja tu. Mshahara mnaujua.

Nilizaliwa Nshambya, kilimani juu ya Bukoba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa kama watoto wengine wa pale, ila baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga. Nilikua nikiisikiliza. Injini ya dizeli ikianza kukohoa nilijua kabla ya baba, nami ndiye niliyetumwa kumwita. Kwa hiyo kampuni ndogo ya uzamiaji ilipokuja Bukoba kutafuta mtu wa kutunza stoo na kuwasha kompresa, nilichukuliwa mimi. Wazee wa usharika walimuuliza mama kama ni sawa binti wa kwaya kukaa kwenye boti na wanaume. Mama akajibu kwamba wanaume wenyewe watakuwa chini ya maji.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mbwana, mtu wa Tanga aliyezamia baharini tangu ujana wake. Siku yangu ya kwanza mshika kamba wake alilala na malaria, na bomba linalovuta maji ya mjini lilikuwa limezibwa na magugu. Akanivalisha simu masikioni, akaniwekea kamba mkononi, akasema, "Wewe sikiliza tu. Nikivuta mara moja, niko salama. Nikivuta bila kuacha, nipandishe."

Akazama. Nikamsikia akipumua kama mtu aliyelala, pole pole, mpaka ghafla pumzi ikakatika. Nikahesabu kidogo kichwani. Kimya. Nikaanza kuvuta kamba kwa nguvu zangu zote, wenzangu wakanisaidia, tukampandisha mzee wa watu mpaka juu. Alipotolewa kofia alikuwa amekasirika.

"Kuna nini huku juu?"

"Uliacha kupumua, Mzee."

"Nilikuwa naangalia skrubu! Nilikuwa nafikiri!"

Nikaanza kuvua simu masikioni, nikijua kazi imeisha siku ileile ilipoanza. Yeye akakaa ubavuni mwa boti, kisha akacheka.

"Basi kesho uje. Mtu asiyeogopa simpi kamba yangu."

Nilikwenda kesho yake, na hofu yangu nikaenda nayo. Haikuniacha tena.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kompresa. Mashine ile inavuta hewa na kumpelekea mtu, haichagui. Mdomo wake ukielekea upande unakotoka moshi wa injini yake yenyewe, au mtumbwi wa mvuvi ukija kuegesha karibu huku ukinguruma, mzamiaji atapelekewa sumu, naye hataijua kwa sababu haina harufu ya kutisha. Kichwa kinamuuma kidogo, anaona kama ana usingizi. Kwa hiyo nilikuwa naangalia upepo kila wakati. Upepo wa ziwani unageuka. Nimewapigia kelele wavuvi wengi waliokuja kutusalimia tu, na wengine bado wanadhani mimi ni mwanamke mwenye roho mbaya.

Jambo la pili lilinichukua muda kuliamini. Sisi Wahaya tunasema tunashuka ziwani. Ziwa liko chini, sisi tuko juu kilimani. Hata mtoto anajua. Mzee Mbwana akaniambia, "Hapa ziwani mpo juu tayari. Ukitoka kwetu baharini mpaka hapa, umepanda zaidi ya kilometa moja kwenda mbinguni. Hewa ya hapa ni nyepesi. Nyie mmeizoea, damu yenu imejipanga tangu mmezaliwa, hamjui. Mimi wiki ya kwanza nilipanda ule mlima wenu wa Nshambya nikadhani nakufa."

Nikamuuliza hilo linamhusu nini mzamiaji.

Akaniuliza kama nimewahi kuona rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikichacha ndani ya dumu lililofungwa vizuri. Nani kwetu hajaona? Ukifungua kifuniko pole pole, inatoa sauti kidogo na kutulia. Ukikifungua ghafla, povu linaruka mpaka darini. Akasema mtu aliye chini ya maji ni lile dumu. Uzito wa maji unamkandamiza, na sehemu ya ile hewa anayoivuta inaingia kwenye damu na nyama ikajificha humo. Akipanda pole pole, akisimama njiani pale jedwali la vina na dakika linapomwambia asimame, hewa inatoka kwa mapafu kwa amani. Akipanda haraka, povu linatokea ndani yake, kwenye maungio, au kwenye uti wa mgongo. Na hewa ya nje ikiwa nyepesi, kifuniko ndivyo kinavyofunguka zaidi. Ndiyo maana majedwali ya baharini tulikuwa tukiyarekebisha, tukimpa mtu muda mfupi zaidi chini na kusubiri kurefu zaidi njiani.

"Na akishatoka majini," aliniambia, "asipande mlima mpaka kesho yake. Huku kwenu milima iko mlangoni. Hapo ndipo patakapowaua."

Nilianza kuiogopa milima ya nyumbani kwetu.

Tulifanya kazi Bukoba na kwenye mialo ya Muleba, wanapoegesha wavuvi, na mara nyingine visiwani. Kwenye kisiwa kimoja nilimkuta mvuvi kutoka mbali aliyekuwa akizamia nyavu zilizonasa bila kifaa chochote, kwa pumzi ya kifuani mwake. Mzee Mbwana alimstahi sana. Alinieleza kwamba uso ukiingia kwenye maji baridi, moyo wenyewe unapunguza mwendo na damu inaondoka kwenye mikono na miguu ili ubongo upate cha kutumia. Mwili wa binadamu unalijua jambo hilo hata kama mwenyewe hakusoma. Lakini yule mvuvi alikuwa na tabia ya kupumua harakaharaka kwa nguvu kabla ya kuzama, akidhani anajaza akiba. Mzee Mbwana alimshika bega.

"Ndugu yangu, hujazi kitu. Unafukuza ile hewa chafu inayokusukuma kuja juu. Ikiisha, hutasikia hamu ya kupumua. Utalala usingizi humo ndani, na sisi tutakuwa tunakusubiri."

Yule mvuvi alicheka kwa adabu. Sijui kama alisikia. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona akizama tena, nikakaza macho pale majini mpaka kichwa chake kilipotokea. Boti ilikuwa imeshafika mbali, na mimi bado nilikuwa nimegeuka nyuma.

Mzee Mbwana alipozeeka alirudi Tanga. Kabla ya hapo alileta kijana mmoja wa Kishanda, Muleba, jina lake Rwegasira. Shuleni alikuwa mkimbiaji wa milima, na kifua chake kilionekana hata akiwa amevaa koti. Sote tulidhani huyu atakuwa mzamiaji kabla ya chakula cha mchana.

Zamio lake la kwanza la kazi lilikuwa kugonga kutu kwenye nguzo ya gati. Kina kilikuwa kidogo tu. Nikamsikia akianza vizuri, halafu nyundo ikaongeza kasi na pumzi ikaongeza kasi nayo, mpaka ikawa fupifupi, juu juu, kama mbwa aliyekimbia.

"Ma Koku," akaniita kwenye simu. "Hewa haiji. Niongezee hewa."

Nikaangalia mita. Hewa ilikuwa inakwenda tele.

"Rwegasira, acha nyundo."

"Hewa haiji, waitu!" akanisihi kwa Kihaya.

"Acha nyundo. Shika nguzo. Usivute. Toa. Toa yote mpaka tumbo liingie ndani. Toa tena."

Nilimpigia hesabu ya kutoa, sauti yangu ikiwa tulivu kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Hatimaye nikasikia pumzi ndefu moja, kisha nyingine.

Kilimani mtu akikimbia anahema, na kuhema kunamsaidia. Chini ya maji hewa ni nzito kifuani, na anayehema harakaharaka anazungusha ileile juu juu wakati chafu imebaki chini. Anajiona amekosa hewa kumbe amejaa. Wengi wanaong'oa kofia chini ya maji wameanzia hapo. Rwegasira alijifunza kufanya kazi kama mzee: gonga, pumzika, toa. Mwishowe alikuwa bora kuliko wote niliowahi kuwashikia kamba, na pumzi yake niliijua kuliko ya mume wangu.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mmeniuliza zaidi.

Mtumbwi mkubwa wa kubebea samaki ulikuwa umezama mbele ya mwalo mmoja wa Muleba, na mwenyewe alitaka injini zake. Maji ya pale ni marefu. Rwegasira alizama asubuhi akafunga minyororo, akazama tena mchana kumalizia. Alisimama njiani kila mahali alipotakiwa kusimama. Alipanda vizuri. Namvua kofia, nampa chai, simu yake ikaita ndani ya begi.

Alikuwa dada yake, Jeska, kutoka Kishanda. Mama yao alikuwa na kichomi kwa siku kadhaa na sasa kimemzidi. Anavuta pumzi kwa shida, hawezi kuhamishwa, na anamwita mwanawe.

Rwegasira akaanza kuvaa viatu.

"Subiri mpaka kesho," nikamwambia. "Umezama mara mbili leo. Barabara ya Kishanda inapanda."

"Mama yangu hana kesho, Ma Koku."

Nilimpigia msimamizi wetu aliyekuwa Bukoba. Akasema mimi niliye pale ndiye ninayeona. Nilikuwa naona nini? Mtu mzima mwenye mama anayekufa, na bodaboda zimejaa mwaloni. Nikimkatalia gari atapanda pikipiki, tena peke yake. Nikawaambia wapakie mitungi yetu yote miwili ya oksijeni kwenye pikapu, na mimi nikakaa nyuma pamoja naye. Elieza, dereva wetu, akaondoa gari.

Nilimvalisha barakoa tangu mwanzo wa safari. Tulipopita kwenye tambarare alikuwa mzima, akiongea habari za mama yake, jinsi alivyomkimbiza kwa fimbo aende shule na jinsi alivyolia alipopata kazi. Barabara ilipoanza kupanda akawa anajikuna mikono.

"Unawashwa?"

"Vumbi tu."

Mbele kidogo akaanza kusugua bega. Akasema alilivuta vibaya kwenye mnyororo. Nikaweka mkono kifuani pake. Sikuwa na simu masikioni, lakini niliisikia pumzi ile: imekuwa fupi, na mwishoni inakatika kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Chezesha vidole vya miguu," nikamwambia.

Akatazama viatu vyake.

"Nachezesha," akasema.

Havikucheza. Nilimvua kiatu cha kushoto nikaminya kidole gumba kwa kucha. Hakusema kitu. Nikaminya tena. Alikuwa ananitazama usoni, akisubiri nianze kuminya.

Nikagonga paa la gari. "Elieza! Geuza!"

"Tumebakiza kidogo sana," Elieza akapaza sauti kutoka mbele. "Ule pale ndio mgongo wa kilima, tukiuvuka tu tunateremka kwao!"

"Ndiyo maana nasema geuza. Usiupande ule mgongo."

Rwegasira akavua barakoa. "Hapana. Elieza, endelea. Ma Koku, mimi nitakufa na mguu mmoja, nifikishe."

"Leo ni mguu. Huko juu ni vyote viwili, halafu kifua."

"Ni mama yangu!"

"Najua."

"Hujui! Wako yuko Nshambya anapika!"

Elieza alisimamisha gari katikati ya barabara, injini ikinguruma, akinitazama kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, mtu niliyemshikia kamba alikuwa ananiomba nisimvute. Nikamrudishia barakoa usoni, nikaishikilia kwa mikono yote miwili maana alikuwa anapigana nayo, nikasema, "Geuza gari, Elieza." Akageuza.

Tuliteremka mpaka mwaloni. Njia nzima mikono yangu ilikuwa kwenye ile barakoa. Sikumpigia simu mtu yeyote. Alipoacha kupigana akaanza kulia, na kilio kinakula hewa, nikawa namwomba asilie. Hebu fikirini. Namwomba mtu asimlilie mama yake, kwa sababu mtungi unapungua.

Zahanati ya mwaloni ilikuwa na muuguzi mmoja mwenye bidii, aliyemtundikia dripu huku nikimweleza. Daktari wa wilaya aliteremka mwenyewe na gari la wagonjwa lililobeba mitungi mingine. Alikuwa mtu wa kweli. Alisema mara moja kwamba ugonjwa huu ameusoma tu, hajawahi kuuona, na tukampigia pamoja mtaalamu wa wazamiaji huko pwani. Yule mtaalamu alisema chumba cha kumrudishia mtu shinikizo kiko kwao, lakini njia zote za kufika zinapanda, ya gari na ya ndege. Mwacheni hapohapo ukingoni mwa maji, alale chali, oksijeni isikatike, anywe maji. Msimpandishe hata ngazi.

Tulikaa hapo. Kazi ikawa ileile ya siku zote: nakaa pembeni, nasikiliza. Jeska alipiga simu ya Rwegasira jua likielekea kuzama. Elieza ndiye aliyepokea, akatoka nje nayo, na aliporudi sote tulijua kwa jinsi alivyoishika ile simu.

Mama alikuwa amefariki.

Alizikwa Kishanda huku Rwegasira amelala mwaloni, barakoa usoni, akisikiliza ibada kwenye simu ya Jeska iliyokuwa ikikatika kila upepo ulipovuma. Vidole vyake vilianza kurudi siku ileile ya mazishi. Kwanza akasema anasikia joto, baadaye akasema anasikia shuka. Muuguzi alifurahi akanikumbatia. Rwegasira aligeukia ukutani.

Alipona kwa kadiri kubwa. Wayo wa kushoto ulibaki na sehemu isiyosikia, na uzamiaji ukawa basi. Alirudi kwao kulima, na hakuniaga. Nilimpigia simu mara kadhaa, hakupokea, nikaacha kumsumbua. Niliendelea na kazi. Wengine walikuja, nikawashikia kamba, wakapanda wote salama, na kila mmoja nilimzuia ukingoni mpaka kesho yake hata kama nyumbani kwake ni pale Kagondo panapoonekana. Walinilalamikia. Nikijilaza nilikuwa najiuliza: kama tungeendelea, angefika? Angemkuta? Kwa miguu ipi? Maswali haya hayana jedwali.

Mwaka mmoja ulipita na zaidi. Nikiwa kwenye kibanja changu nachambua kahawa, nikasikia mtu anapanda njia yetu, na kabla sijamwona niliijua ile pumzi. Alikuwa anachechemea kidogo. Alisimama mbele yangu, akafuta jasho.

"Nimeshukia barabarani nikapanda kwa miguu," akasema.

"Naona, tata," nikamwita kama mwanangu. "Karibu ukae."

Hakukaa. "Jumamosi tunajengea kaburi la mama. Mchungaji atakuja. Uje na wewe."

Nilikwenda. Elieza alinipeleka, na tulipofika pale tulipogeuzia gari akapunguza mwendo kidogo. Tuliuvuka ule mgongo wa kilima. Kishanda ilikuwa karibu kweli, kama Elieza alivyosema. Baada ya ibada, watu wakiwa wanakula, Jeska alinichukua mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba alimofia mama yao. Kitanda kilikuwa bado kipo.

"Nilitaka kukuuliza kitu tangu siku ile," akasema. "Mlipogeuza gari, jua lilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, juu kidogo ya migomba.

Akatikisa kichwa taratibu, akihesabu.

"Mama aliniuliza mara ya mwisho jua likiwa pale," akasema, akiniteremshia mkono kidogo. "Aliniuliza, mwanangu yuko wapi? Nikamwambia, yuko njiani, mama. Nilikuwa naamini. Akasema, basi namsubiri. Akatulia, pumzi ikawa nyepesi, mpaka ikaisha." Akanitazama. "Kwa hiyo mlikuwa mmekwisha kugeuza."

"Ndiyo," nikasema. "Tulikuwa tumekwisha kugeuza."

Jeska alikaa kitandani, akavuta shuka likanyooka.

"Asante kwamba hukunipigia simu."